Kiganja cha Fundi Mkuu

Fundi Mkuu wa jineri yetu, kiwanda cha kuchambua pamba, hakuwa mtu wa kuitikia salamu kwa wakati. Ukimkuta ameinama kwenye boksi la swichi, ukamwambia shikamoo, aliendelea na kazi yake kana kwamba amepita mbuzi. Ulisimama hapo dakika tano, dakika kumi, ukijiuliza umemkosea nini. Kisha alifunga mfuniko, akafuta mikono kwa kipande cha pamba mbichi, akakugeukia na kusema, "Marahaba." Wageni walimwona ana majivuno. Sisi tuliofanya naye kazi tulijua kuwa hakuweza kuweka mambo mawili kichwani wakati kuna waya wazi mbele yake, na kuitikia salamu kwake lilikuwa jambo zima, la kufanywa mikono ikiwa huru.

Nataka kueleza jinsi alivyokuwa, na nitajitahidi nisijipendelee. Watu wa Mwanza wanaomkumbuka wanamkumbuka kama yule mzee wa Kihaya aliyeunguza mkono kwa uzembe wake mwenyewe. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa, na hivyo ndivyo ilivyosomwa kwenye mkutano wa wafanyakazi. Mimi nilikuwepo siku ile. Nilisimama hatua moja kutoka alipokuwa, nikajua kosa ni la nani, na kwa miaka mingi niliwaacha watu waamini walichosomewa.

Jineri yetu ilikuwa kando ya ziwa, mahali ambapo upepo wa mchana ulileta harufu ya dagaa ikachanganyika na ya mbegu za pamba. Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Malori yalikuja na pamba ya watu waliokuwa wamehamishwa juzi tu, wengine hawajamaliza hata kuezeka, na pamba ile ilirundikwa mpaka ikafika kwenye madirisha. Ndani, nyuzi zilielea hewani saa zote. Zilikaa kwenye nyusi, kwenye chai, kwenye mabega ya wafanyakazi, na zilitanda juu ya mota zenyewe kama blanketi. Cheche moja ingetosha kutumaliza wote, na kila aliyeingia mle alilijua hilo, ila tulizoea kutolisema.

Yeye alilisema. Kila asubuhi, kabla ya mota ya kwanza kuwashwa, alisimama mlangoni akavuta pumzi puani mara mbili, akasema, "Leo bado." Akaingia. Sikuwahi kumwuliza bado nini, kwa sababu nilijua, na kwa sababu namna alivyolisema ilinifanya niangalie mlango wa kutokea uko wapi.

Alivaa koti la kaki lenye mifuko mingi, hata wakati wa joto kali. Mfuko wa kushoto ulikuwa wa mkono wake wa kushoto. Alipopima umeme mkono huo uliingia mfukoni ukakaa humo, akafanya kila kitu kwa mkono wa kulia peke yake. "Umeme ukipata mlango wa kuingilia na wa kutokea, unapita kifuani," alisema. "Mimi nimeufungia mlango mmoja." Chini ya miguu alitandika ubao mkavu aliotembea nao kila mahali, ameubeba kwapani. Wafanyakazi walimtania kuwa ni mkeka wake wa kuswalia, naye Mlutheri. Alicheka, kisha akautandika.

Mfuko wa kulia ulikuwa wa fyuzi. Akitaka kufungua mota yoyote, alichomoa fyuzi zake zote tatu kwenye chumba cha injini, akazitia mfukoni, akatembea nazo zikigongana. Hakuziweka mezani, wala hakumpa mtu amshikie. Siku moja alikwenda nazo mpaka nyumbani kwake Pasiansi, kazi ikiwa haijaisha, na Meneja akalazimika kumfuata kwa gari. Alirudi, akazitoa, lakini hakuomba radhi. "Ningeziacha pale," alimwambia, "ungekuwa umeshawasha."

Kuhusu umeme wa fezi tatu, nilikuwa nimeusoma shule ya ufundi, na cheti nilikuwa nacho. Nilikuja jineri nikiwa na miaka ishirini na saba, nimeoa, najua michoro yote, nikimwona mzee huyu kama mtu aliyejifunzia mambo kichochoroni. Siku ya kwanza aliniuliza fezi tatu ni nini. Nikamjibu kwa lugha ya kitabu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia, "Mkerewe, umewahi kuona wanawake watatu wakitwanga kwenye kinu kimoja?"

Nilikuwa nimeona, nani hajaona. Akasema, basi ndiyo hiyo. Mmoja anapiga, wa pili yuko juu, wa tatu anashuka. Hawagongani kwa sababu kila mmoja anajua zamu yake, na kinu hakipumziki hata kidogo. Nyekundu, njano, buluu. Ukiwabadilisha wawili nafasi, zamu inageuka, na mota inazunguka kinyume. Mmoja akiacha kutwanga, wale wawili watajitahidi kubeba na sehemu yake, na kwa nje utaona kazi bado inaendelea. "Lakini shika mikono yao," alisema. "Utakuta malengelenge. Mota nayo inaungua hivyo hivyo, kwa ndani, huku inazunguka."

Nilikasirika, kwa kuwa ilikuwa sahihi na kitabu changu hakikuwa nayo.

Mota iliyopoteza fezi moja hulia. Si mlio wa kawaida, ni mngurumo mzito wa chini, unaousikia kwenye meno kabla ya masikioni. Yeye aliutambua akiwa nje uani, anakunywa uji. Alishika bisibisi, ncha akaiweka kwenye mwili wa mota na mpini akauweka sikioni, akafumba macho. Nilimwona akifanya hivyo mara nyingi, na kila mara uso wake ulibadilika ukawa wa mtu anayepewa habari za msiba. Kisha alisema ni fezi ipi iliyokufa. Sijui alijuaje. Mara moja moja alikosea, na siku hizo alifurahi sana, akanipiga begani na kusema, "Umeona? Ndiyo maana tunapima."

Sheria yake ya kupima ilikuwa moja na haikuwa na msamaha. Tulikuwa na taa ya kupimia: globu mbili zimeunganishwa kwa kufuatana, kwa sababu kati ya fezi na fezi ni volti mia nne na globu moja ingepasuka, na waya mbili zenye ncha za shaba. Kabla ya kuitumia, ulitakiwa uipeleke kwenye ubao wa taa za ukutani, mahali penye moto unaojulikana, uone inawaka. Halafu uje upime pale unapotaka kushika. Isipowaka, hujamaliza. Urudi tena ubaoni uone kama bado inawaka. Hapo ndipo unaweza kusema waya umekufa.

"Taa isiyowaka ina habari mbili," alisema. "Ama waya hauna moto, ama taa ni mbovu. Wewe utajuaje imekupa ipi?"

Kutoka mota ya tatu mpaka ubao wa ukutani zilikuwa hatua kumi na nne. Nilizihesabu kwa sababu zilinichosha. Kwenda, kurudi, kwenda tena, kurudi tena, katikati ya kelele na vumbi, na Meneja akiangalia saa yake.

Alikuwa na mambo yasiyolingana. Aliimba, kwa mfano, mtu mkali kama yule. Tulipopima koili za mota kwa mega, kile kipimo cha kuzungusha kwa mkono, yeye alizungusha huku akiimba ubeti mmoja wa wimbo wa kanisani, polepole, mpaka mwisho, na hapo ndipo alipotazama mshale umesimama wapi. Alisema dakika yake iko ndani ya ubeti ule. Siku aliyokuwa na huzuni ubeti ulirefuka, na mota ikapimwa zaidi ya inavyostahili.

Tena, hakuwa na umeme nyumbani kwake. Nguzo zilipita mbele ya uwanja wake Pasiansi, jirani wa kulia anao, jirani wa kushoto anao, na yeye Fundi Mkuu anakaa na kandili. Mkewe alinilalamikia mbele yake. "Waitu, ndugu yangu, mwambie mwenzako, watu wananicheka." Yeye akajibu bila kuinua kichwa kwenye sahani ya ndizi, "Nashinda nao mchana kutwa. Simkaribishi nyumbani mtu anayengoja nikosee."

Na hakuwahi kuwasha mota mkanda wa mashine ukiwa umefungwa, kama waya zake zimeguswa. Alivua mkanda, akaweka unyuzi mmoja wa pamba juu ya mhimili, akaigusa swichi kufumba na kufumbua. Unyuzi uliruka upande mmoja au mwingine, akajua mota inaelekea wapi. Siku moja yuko hospitali na malaria, Meneja alilazimisha tuwashe bila ya haya. Mota ikazunguka kinyume, misumeno ya kuchambulia ikaitapika pamba juu ya waliokuwa wakiilisha, mwanamke mmoja akavunjika kidole. Fundi Mkuu aliporudi hakumsema mtu. Alikwenda kwa yule mwanamke, akamtazama kidole, akakitazama muda mrefu sana.

Lakini jambo lake lililonitisha kuliko yote, na ambalo sijaliona kwa fundi mwingine, lilikuwa namna yake ya kumpasisha mtu.

Hakujali vyeti. Aliyefanya kazi chini yake alikuwa msaidizi, hata akae miaka kumi, mpaka siku Fundi Mkuu aseme, "Leo utapima wewe." Siku hiyo msaidizi alizima laini, akapima, akatamka kuwa imekufa. Naye Fundi Mkuu, bila kupima tena, alivua kofia na kuweka kiganja chake juu ya skrubu za waya. Siku zote alizogusa kitu chenye mashaka aligusa kwa mgongo wa mkono, kwa sababu umeme hukunja vidole, na mgongo wa mkono hujirudisha wenyewe ilhali kiganja hushika na hakiachii. Kiganja alikitoa siku hiyo tu. Watatu walikuwa wamepasi namna hiyo kabla yangu, na mmoja wao aliniambia kuwa alitapika baadaye nyuma ya ghala la mbegu.

"Kwa nini usiwape mtihani wa karatasi, Mzee?" nilimwuliza.

"Karatasi haiungui."

Kwa hiyo kwa miaka mitatu nilifanya kazi nikijua iko siku atauweka mkono ule kwenye neno langu. Nilikuwa nikiutazama anapokula. Ulikuwa mkono mpana, una kovu kwenye kidole gumba, kucha zimekatwa fupi sana. Nilitamani siku ile ifike, na nilitamani isifike.

Ilifika siku moja kabla ya ugeni. Kiongozi kutoka mkoani alikuwa anakuja kuona jineri inavyofanya kazi, na mota ya tatu, iliyokuwa kubwa kuliko zote, ilianza kulia asubuhi. Fundi Mkuu aliizima, akafungua boksi lake, akakuta skrubu ya waya mwekundu unaoingia imelegea na kuwa nyeusi. Ili kuikaza ilibidi laini nzima izimwe kule chumba cha injini. Meneja alikuwa mlangoni, shati limemlowa jasho.

"Ndugu Fundi, nusu saa. Nakuomba. Wakija wakute inazunguka."

Fundi Mkuu alinitazama mimi. "Mkerewe," alisema, "leo utapima wewe."

Nataka nieleze nilichofanya, kidogo kidogo, kwa sababu sijapata kukieleza kwa mpangilio.

Nilikwenda chumba cha injini. Fyuzi za mota ya pili na za mota ya tatu zilikuwa safu mbili zinazofanana, na rangi ya namba ilikuwa imebanduka. Nilichomoa tatu nikazitia mfukoni, kama yeye alivyofanya siku zote, nikajisikia fundi. Zilikuwa za mota ya pili. Mota hiyo ilikuwa imesimama siku ile, mkanda wake unashonwa, kwa hiyo hakuna kilichozimika cha kunishtua.

Nikachukua taa ya kupimia kwenye mfuko wangu. Asubuhi ile nilikuwa nimeruka kutoka nyuma ya lori na mfuko ukagonga chini. Niliitazama taa, kioo hakikupasuka, nikaona iko salama. Globu zilikuwa adimu madukani, na nilishukuru.

Nikaja kwenye boksi. Nikaweka ncha za shaba: nyekundu na njano, njano na buluu, buluu na nyekundu. Giza. Kila waya na ardhi. Giza. Mara sita taa ilikaa kimya. Meneja akapiga kelele jambo nisilolisikia kwa sababu ya mashine nyingine, akinionyesha saa yake. Nikageuka nikauona ubao wa ukutani, hatua kumi na nne, na sikwenda. Sikusahau. Niliuona, nikaamua.

"Imekufa," nilimwambia.

Alivua kofia. Akasimama juu ya ubao wake, mkono wa kushoto mfukoni. Alinitazama, na kwenye uso wake kulikuwa na kitu ambacho sikuwa nimekiona kabla, alikuwa anaona fahari. Akaweka kiganja.

Sitaeleza sana. Kiganja kilifunga, kikabaki hapo. Hakupiga kelele, au kama alipiga sikusikia. Alikuwa amenifundisha kwamba mtu aliyeshikwa na umeme humshiki, unatafuta mti mkavu, na ubao mkavu ulikuwa chini ya miguu yake mwenyewe, na mimi nilisimama. Aliyemwokoa ni mama mmoja wa Kisukuma aliyekuwa akifagia nyuzi. Alikuja mbio, akampiga mkono kwa mpini wa ufagio, mara moja, mara mbili, mpaka ukaachia. "Ng'wana wane! Mwanangu!" alinipigia kelele. "Umesimama nini?"

Madaktari walisema mkono wa kushoto kuwa mfukoni ndio uliomwachia roho. Umeme uliingilia upande mmoja wa kiganja ukatokea upande wa pili, ukakimaliza kile kiganja bila kufika kifuani. Walikata juu kidogo ya kifundo cha mkono.

Walipokuwa wakimbeba nje nilikimbilia chumba cha injini. Nilirudisha fyuzi za mota ya pili, nikachomoa za mota ya tatu, nikazitia mfukoni. Nilifanya hivyo haraka na bila kukosea. Kisha nikaitafuta taa ya kupimia na sikuiona. Nilidhani imefagiliwa pamoja na nyuzi.

Miezi ile neno hujuma lilikuwa midomoni mwa kila mtu. Jineri ya jirani walikuwa wamemchukua karani kwa moto wa ghala, na familia yake ilikuwa bado inauliza alikopelekwa. Kamati ilikaa siku ya tatu: Meneja, Katibu wa tawi, na wawakilishi wawili wa wafanyakazi. Nilikwenda nikiwa nimemuaga mke wangu. Sikujua nitasema nini, lakini sikuulizwa mengi, kwa sababu maelezo ya Fundi Mkuu yalikuwa yamefika kutoka hospitali. Katibu aliyasoma. Yalikuwa mstari mmoja: "Niliweka mkono kabla ya kuambiwa."

Katibu akaniangalia. "Ndugu, ni kweli?"

Nilisikia nyenje nje. Nilisikia mtu akikohoa kwenye varanda.

"Ni kweli," nilisema.

Wakaandika uzembe. Wakaandika pia kwamba desturi ile ya kuweka kiganja ni ya hatari na ni marufuku. Fundi Mkuu aliachishwa, na mimi nikapewa koti jipya la kaki na kazi yake. Niliifanya vizuri. Tangu siku ile mpaka nilipoondoka sijawahi kupima bila kwenda ukutani kwanza na kurudi ukutani baadaye. Baadaye nikachukuliwa kufundisha kwenye chuo cha ufundi, na wanafunzi wangu wananiita mnoko kwa ajili ya jambo hilo. Wananiuliza nimelipata wapi, nawaambia kwa mzee mmoja.

Sikwenda kumwona. Nilituma salamu kwa watu. Nilimwona mara moja kivukoni Busisi, yuko mbele kwenye kivuko na mkewe, mkono wa koti umekunjwa na kubanwa kwa pini. Nikabaki nyuma ya lori la mihogo mpaka tukavuka, kisha nikajificha kwenye choo cha abiria mpaka wakaondoka. Mtu mzima, na tai shingoni. Siku ile nilijidharau kuliko siku ya kamati.

Miaka ilipita. Jumapili moja baada ya ibada mkewe alikuja chuoni, amezeeka, amevaa kitenge cha heshima. Alikataa kiti.

"Fundi anakuita," alisema.

"Anaumwa, Mama?"

"Anakuita, waitu. Twende."

Njia nzima ya Pasiansi alitembea mbele yangu. Nilifikiri, sasa Fundi anataka kusema. Anakufa, na hataki kwenda na lile neno. Nilianza kupanga nitakavyolikana, halafu nikaona aibu, halafu nikaanza kupanga tena. Tulipofika niliona waya umeshuka kutoka kwenye nguzo mpaka ukutani mwa nyumba yake. Nilisimama uani nikiuangalia waya ule.

Alikuwa sebuleni, kwenye kiti, amekonda. Mbele yake palikuwa na meza, na juu ya meza taa ndogo ya kawaida na kitu kilichofungwa kwa kipande cha kaki. Ukutani palikuwa na soketi moja. Sikuona redio, wala globu darini. Kandili lilikuwa bado limening'inia kwenye msumari wake.

"Shikamoo, Fundi," nilisema.

Hakuitikia. Alinionyesha meza kwa mkono wa kushoto. Nilikunjua kile kipande cha kaki. Kilikuwa kimekatwa kwenye lile koti la siku ile, kina alama za kuungua, na ndani yake ilikuwemo taa ya kupimia. Globu mbili, waya mbili, ncha za shaba.

"Pima," alisema.

Vidole vyangu vilijua la kufanya. Nilichomeka ile taa ndogo kwenye soketi kwanza. Ikawaka. Nikaichomoa. Nikachukua ya kupimia, nikaingiza ncha zake. Ingepaswa kuwaka, hata kama ni kwa wekundu hafifu. Haikuwaka. Nikarudisha ile taa ndogo. Ikawaka tena. Yeye alikuwa ameegemea mbele, akifuata kila nilichokifanya, midomo ikitembea kama ya anayehesabu hatua.

"Nilipokuwa nimelala chini," alisema, "niliiona mkononi mwako. Ncha zake zilikuwa bado zimegusa waya ulionishika, nayo iko giza. Ukaiangusha. Nikaitia mfukoni kwa huu mkono uliobaki, wakati yule mama analia."

"Ungewaonyesha," nilisema.

"Wangekuchukua. Mkono ulikuwa umeshakwenda, Mkerewe. Sikuona sababu ya kuwapa na mtu."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni. Hakushangaa, na hapo nikajua kuwa alikuwa analijua tangu zamani. Alikuwa amechekwa kwa ajili ya mume mzembe miaka yote hiyo, sokoni na kanisani, na alinikaribisha nyumbani kwake.

"Nimekungoja uje mwenyewe," alisema Fundi Mkuu. "Nikaingiza na umeme, ili ukija tupime. Sasa naona siku zangu zinakuwa chache. Taa imekufa au nzima?"

"Imekufa."

"Ni taa ya nani?"

Nilitazama ile taa. Nilimtazama yeye, nikamtazama mkewe, kisha nikautazama mkono wa koti uliobanwa kwa pini.

"Ni yangu, Fundi," nilisema. "Sikwenda ukutani. Niliuona ubao, na sikwenda."

Kisha alichukua kile kipande cha kaki, akakitandaza gotini, akafutia hapo kiganja kilichobaki, kidole kimoja kimoja, mpaka akamaliza. Akaniinulia macho.

"Marahaba," alisema.